Mninga Haupakwi Rangi

Vijana wa karakana, mmeniomba niandike niliyoyaona tangu nilipoingia lango lile la reli hapa Tabora mpaka siku mliponipa saa ya ukutani na kunipigia makofi. Nimekubali. Ila mjue mapema: vyeo sitavitaja, mishahara sitaitaja, na kama mnamtafuta mzee aliyemaliza kazi na moyo mweupe kama unga wa muhogo, mmegonga nyumba siyo. Mimi nilikuwa seremala wa mabehewa ya abiria, na miaka yangu yote ya kazi nilimwonea wivu mtu mmoja. Huyo mtu alikuwa mpaka rangi. Aliitwa Salum, ninyi mlimwita Mzee Brashi. Nina neno moja juu yake ambalo siku ya maziko yake niliwaambia na hamkulisikia, kwa hiyo nitaanza mbali ili nikilifikia mnielewe.

Wivu wa namna gani, mtauliza. Wivu wenyewe. Ule wa kukaa kooni kama mwiba wa samaki, haushuki haupandi. Mke wangu, mama Shija, alikuwa anaujua hata kwa mlio wa ndala zangu nikirudi jioni. "Leo tena wamemsifu mwenzio," anasema, kabla sijavua kofia. Nilikuwa namwambia achunge ugali wake usiungue.

Siku ya kwanza kazini nilifika na randa yangu mwenyewe, nimeifunga kwenye kipande cha shuka. Nilitoka Urambo, kwenye tumbaku, nilikokuwa nikitengeneza viti, vitanda na vichanja vya kukaushia majani. Kiongozi wa maseremala alikuwa Mzee Kasanda, mtu mfupi mwenye penseli sikioni hata akienda kanisani. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia marahaba, akaitazama randa yangu kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja na chakula chake.

"Hiyo iweke chini," akasema. "Leo hurandi kitu. Panda humo."

Humo ni ndani ya behewa la daraja la tatu, bovu, limeegeshwa kwenye njia ya pembeni. Nikapanda. Mara kichwa cha treni kikaligonga, kikalisukuma, kikalivuta, kikalisukuma tena. Mzee Kasanda anatembea chini sambamba na dirisha, mikono nyuma. "Sikiliza viungo, Maganga! Kinacholia unitajie!" Mbao zinalia kila upande, mimi nimeshika kiti, tumbo limepanda kifuani. Waliposimama nikashuka, nikatapika kando ya reli mbele ya watu wazima. Mzee akangoja nimalize. "Haya. Kipi kinalia?" Nikamwambia, "Vyote, mzee." Akacheka mpaka penseli ikaanguka. "Basi kazi unayo ya kukutosha," akasema, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa kichwani mwake, maana ofisini nilikuwa nimeshaajiriwa.

Ndivyo alivyotufundisha: behewa si kabati. Kabati likikaa, limekaa. Behewa linatikiswa kutoka hapa mpaka Kigoma na kurudi, jua linalikausha upande mmoja, mvua inalilowesha upande wa pili, na watu wamekaa juu ya magunia yao ya karanga. Kila ulimi wa mbao uingie kwenye tundu lake kwa kusitasita, usiingie kwa nyundo. Ukiingia kwa nyundo, utatoka kwa mtikisiko. Na alikuwa na desturi moja ambayo naona siku hizi hamnayo. Ukimaliza kufunga kazi, pale pa mwisho kabisa chini ya kizingiti cha dirisha unaacha mchoro mdogo wa penseli, mfupi kama kucha, ili mwenye msasa ajue seremala ameondoa mkono na yeye aanzie hapo. Mchoro huo haujawahi kuishi. Msasa unaufuta, na usipoufuta msasa, rangi ya kwanza inaumeza.

Salum aliingia wiki ileile. Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, amekuja karakana na viatu vyeupe, navyo vikabaki vyeupe. Aliposikia jina langu akaweka kopo chini, akainua mikono juu. "Maganga? Mnyamwezi? Alhamdulillahi! Nimetoka pwani kote kule nikijiuliza nani atanibebea mizigo, kumbe mpagazi wangu ananingoja!"

Nikamjibu palepale, "Mla nazi wewe, jembe umeliona kwenye picha. Karibu Unyamwezi tukufundishe kula chakula cha watu."

Kwa msiojua, maana siku hizi mnataniana kwa simu tu: sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu waliondoka hapa Unyanyembe na mizigo vichwani, wakaingia Uzaramo wamechoka, wakapewa maji, wakauguzana, wakazikana. Tangu hapo Mzaramo akinichukulia kitu changu mbele ya watu, si mwizi. Nami nikienda msibani kwake nikamwiga marehemu na kuzuia jeneza mlangoni mpaka nipewe ninachotaka, si wazimu. Kosa ni kukasirika. Mtani akinuna, amejivunjia heshima yeye na ukoo wake mzima.

Sasa oneni nilivyokwama. Mtu mwingine ningemchukia nikapumzika. Salum nilitakiwa nimcheke.

Na sababu ya kumchukia ilikuwepo kila juma. Seremala anatangulia, mpaka rangi anamalizia. Nikimaliza kazi yangu, inafunikwa. Akimaliza yake, ndiyo inayoonekana. Kuna behewa moja lililoletwa kutoka upande wa Kaliua, limekaa masika nzima paa limevuja. Nguzo za pembeni zilikuwa zimelainika, ukibonyeza kwa kidole kinaingia kama kwenye kiazi kilichoiva. Mzee Kasanda akanipa mimi. Nikaling'oa ubavu mzima, nikabadilisha nguzo moja baada ya nyingine huku paa limeegemezwa kwa magogo, maana ukitoa zote pamoja paa linakaa kichwani kwako. Madirisha yale ya kushusha niliyaachia nafasi ya unene wa sarafu kila upande ili mbao ikivimba yasikwame. Nililala na behewa lile, nikaliamkia. Salum akaja mwisho, akalipaka. Kisha akaja mgeni kutoka makao makuu, akashuka kwenye gari, akapitisha kiganja ubavuni.

"Loo! Rangi safi sana hii! Nani kapaka?"

Nilikuwa nimesimama hapohapo, na patasi mkononi. Salum akainamisha kichwa kwa adabu, nami nikacheka kwa meno. Jioni ile mama Shija hakuhitaji kuniuliza kitu.

Na msidhani alikuwa hajui kazi, maana hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Angekuwa mbovu ningelala usingizi. Alikuwa akichora ule mstari wa manjano chini ya madirisha kwa mkono mtupu, bila kamba, bila ubao wa kuegemea. Anavuta pumzi, anaweka brashi, anatembea kinyumenyume mpaka mwisho wa behewa, ndipo anatoa pumzi. Anafumba jicho moja, anarudi nyuma, anasema, "Ondokeni, vivuli vyenu vinaniharibia rangi." Mstari umenyooka kama reli ya Itigi. Mimi nikiwa juu ya ngazi nilikuwa naomba apige chafya. Mwenyezi Mungu ananijua, niliomba hivyo mara nyingi. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilingoja Salum atie maji mpaka akastaafu. Hakutia.

Jambo jingine lililonikera ni puti, ule udongo wa kuzibia nyufa za viungo. Kwenye kazi za wenzangu alikuwa anatembea na kopo la puti, anaziba hapa, anaziba pale. Kwenye mabehewa yangu kopo alikuwa halifungui. Nilimwambia Mzee Kasanda kwamba yule mtu ni mvivu, kazi yangu anairukia. Mzee akasema, "Hebu karande huko."

Zikafika siku za Mzee Kasanda kustaafu. Karakana ikakubaliana apewe mfano wa behewa, mdogo, wa kuweka juu ya kabati, na kazi ya kuujenga nikaiomba mimi. Nilikuwa nimedhamiria kitu. Mzee ni seremala. Mzee ndiye aliyenitapisha siku ya kwanza. Mzee ataona viungo. Nikatumia vipande vya msonobari laini, kila kitu kidogo lakini cha kweli, ulimi na tundu, hakuna msumari. Lakini wakubwa wakasema mbao tupu haifanani na behewa, apewe Salum alimalizie. Akalimalizia kwa rangi nyekundu iliyoiva, mstari wa manjano mwembamba kama uzi, namba ubavuni ndogo kuliko punje ya mtama na inasomeka. Siku ya kuagana Mzee Kasanda akaupokea, akauinua kwenye mwanga, macho yakamjaa maji. Nikasogea karibu.

"Salum, mwanangu," akasema, "hii ni kazi."

Salum, mwanangu! Akakumbuka baadaye kunishika bega, ndiyo, akasema Maganga naye ahsante. Naye! Nilikwenda kunywa maji bombani nikakaa huko. Mfano ule ulikaa juu ya kabati lake mpaka Mungu alipomchukua, na kila Krismasi nilipokwenda kumsalimu nilimkuta mgeni fulani amesimama mbele yake anasema jambo lilelile kuhusu rangi. Donge hilo nilikuja nalo mpaka siku yangu ya kustaafu.

Kwa hiyo nilipostaafu nilijua nitafanya nini. Salum alikuwa ametangulia kustaafu, amekaa kwake Isevya anapaka milango ya maduka na vibao vya vinyozi. Mimi nikafungua banda langu Kiloleni, nikaanza kujenga behewa dogo la kwangu. Lilelile la siku ya kwanza, la daraja la tatu. Na safari hii nikachagua mbao ambayo mtu mwenye akili zake hapa Tabora hawezi kuipaka rangi. Nikachagua mninga. Kupaka mninga rangi ni kumpaka bibi harusi matope. Mgema na atie maji basi, nilijisemea, hapa hana pa kutilia.

Mninga una ukaidi wake ukiuchana mwembamba. Vipande vyangu vya kwanza vilipasuka kama biskuti. Nikajifunza kuvichana vikiwa vinene kidogo, kisha kuvikwangua kwa kipande cha kioo badala ya randa. Kila futi ya behewa la kweli niliifanya nusu inchi. Mbavu za paa nilizipinda kwa mvuke wa sufuria ya mama Shija, na chakula cha siku hiyo kikanukia mbao. Springi nilitoa kwenye kalamu za kubonyeza. Vioo vya madirisha nilikata kwenye chupa za maji, na ule mkanda wa ngozi wa kushushia dirisha nikaukata kwenye mkoba wa mama Shija ambao mimi niliuona ni wa zamani na yeye hakuuona hivyo. Magurudumu nilikerezewa na fundi mmoja kutoka kwenye bomba la shaba. Paa nililifanya la kufunuka, ili mtu akitaka aone mbao zilivyokumbatiana ndani. Nilipofunga kiungo cha mwisho nikachukua penseli, nikaacha mchoro wa Mzee Kasanda chini ya kizingiti cha dirisha la mwisho. Nikasema, wewe hakuna atakayekufuta.

Mama Shija akalizunguka, akajifuta mikono, akasema, "Baba Shija, hili kweli ni lako." Sikumwambia, lakini maneno hayo niliyangoja kuliko chakula.

Halafu ninyi mkanialika. Mlisema mzee aje karakana tumuage rasmi, alete na hilo behewa tulione. Nikaja nalo limefungwa kwenye shuka, nikalifunua juu ya meza ya jiliwa. Mkalizunguka. Mmoja wenu akafunua paa, akachungulia, akamwita mwenzake. Kifua changu kilikuwa kimejaa. Nikainua macho, nani amesimama mlangoni? Salum, na viatu vyake vyeupe. Mlimwalika na yeye.

Akaja mpaka mezani. Akafumba jicho moja, akarudi nyuma, akasogea tena, akapitisha kidole ubavuni taratibu mpaka mwisho. Kisha akapaza sauti: "Ndugu zangu, mpagazi wangu amefika salama na mzigo! Ameutoa mbali, ameubeba vizuri, sasa anaweza kwenda kupumzika. Mzigo ni wangu!" Akaliinua, akaliweka kichwani kama mzigo wa msafara, akatoka nalo mlangoni akiimba. Mlipiga makofi, mlipiga miluzi. Mimi pia nilipiga makofi. Ningefanyaje? Utani haununiwi.

Nilimfuata kesho yake Isevya. Nilimkuta barazani anakoroga kopo la rangi nyekundu, ndani ya nyumba pananukia tapentaini.

"Mtani, nimekuja kukomboa mzigo."

"Unakomboa na nini?"

"Sema wewe."

"Asali," akasema. "Ya Usinge. Siyo hii ya sokoni ya sukari guru."

Nikaagiza asali Usinge, ikaja kwa basi, nikampelekea. Akachovya kidole, akafumba macho. "Asali nimeipokea, mpagazi. Ila behewa haliwezi kutoka, rangi ya kwanza haijakauka."

"Salum, umepaka?"

"Sasa ulitaka liende uchi?"

"Ule ni mninga, mtu wewe!"

"Nimeona. Unashika rangi vizuri sana."

Nilirudi Kiloleni kwa miguu, baiskeli nimeisukuma tu. Wiki iliyofuata nikapeleka jogoo. Akampokea, akamwita bintiye Zena amfunge, akaniambia rangi ya pili imekaa vizuri zaidi ya ya kwanza, ila inataka msasa mwepesi. Msasa! Nikapeleka mchele. Akaniambia anafikiria mstari wa manjano. Kila nikienda namwona na kopo, na nyuma yake dirishani kuna kitu kimefunikwa khanga. Siku moja nilinyoosha mkono nikaguse khanga, akanipiga kidoleni kwa mpini wa brashi. "Kivuli chako!" akasema. Tukacheka wote wawili. Njiani nililia, na sikuwa na aibu, maana kazi bora ya maisha yangu ilikuwa chini ya brashi ya yule mtu kama zilivyokuwa zile nyingine zote.

Mama Shija akasema nimpeleke kwa wazee. Nitamshtaki nini? Kwamba mtani amenitania?

Kisha Salum akaugua. Moyo, walisema hospitali, wakamrudisha nyumbani apumzike. Nilikwenda kumwona, amelala, viatu vyeupe viko chini ya kitanda vimepangwa. Sauti imekuwa ndogo. Nikakaa kwenye stuli, kwa mara ya kwanza sikujua nimtanie nini.

"Mwangaluka, mpagazi," akasema kwa Kinyamwezi chake kibovu, salamu ya asubuhi, na ilikuwa alasiri.

"Mla nazi, kumbe na wewe unalala?"

"Nangoja rangi ya mwisho ikauke." Akapumua. "Ikikauka utalikuta."

Nikataka kumwuliza kweli, mtu kwa mtu, bila utani. Umepaka, hukupaka? Lakini alikuwa amefumba macho yote mawili. Zena aliponipigia simu alfajiri ya siku ya tatu yake, nilijua kabla hajasema.

Msiba wenyewe mlikuwepo, lakini wengine mlikaa nyuma. Wazaramo wa Tabora walikuja, karakana yote ilikuja. Nami nilikuwa mtani, nina kazi yangu. Nikamwomba Zena ovaroli ya baba yake, ile iliyokauka kwa rangi mpaka ikisimamishwa inasimama. Nikaivaa juu ya shati langu, nikachukua brashi. Walipoinua jeneza nikasimama katikati ya mlango, nikafumba jicho moja, nikarudi nyuma.

"Ondokeni! Vivuli vyenu vinaniharibia rangi!"

Watu wakacheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Nikapiga brashi hewani kama nampaka sheikh rangi. Nikavuta pumzi, nikatembea kinyumenyume mbele ya jeneza nikichora mstari, nikashindwa pumzi katikati, nikakohoa. Kicheko kikaongezeka. Nikapaza sauti, "Hatoki mtu hapa! Huyu Mzaramo ana mzigo wangu! Amekula asali yangu, jogoo wangu, mchele wangu, halafu anakwenda zake? Hatoki mpaka behewa langu litoke!"

Zena akaingia ndani, akatoka nalo, limefungwa kwenye khanga. Nikafungua fundo.

Lilikuwa jekundu. Jekundu la ndani, la damu ya mzee, linang'aa kwa jua la saa tisa. Nikasikia mguno umepita kwenye umati. Nikalisogeza puani. Tapentaini hakuna. Nikapitisha ukucha ubavuni, nikakuta mbao. Nikalipindua, nikatazama chini ya kizingiti cha dirisha la mwisho. Mchoro wangu wa penseli ulikuwepo. Haukuguswa na msasa, haukuguswa na brashi. Mnajua wenyewe mninga ukikaa dirishani, mwanga unauivisha, unakuwa mwekundu zaidi kila siku. Hicho ndicho kilichotokea, basi. Salum hakupaka hata tone.

"Loo, Mzee Brashi!" mmoja wenu akasema nyuma yangu. "Tazama rangi hiyo!"

"Rangi yake ya mwisho," akasema mwingine, anajifuta macho.

Nikageuka. "Hakupaka!" nikapiga kelele. "Huyu mvivu hakupaka kitu! Hii ni mbao! Ni kazi yangu mimi, mbao tupu, tazameni!"

Mlicheka. Mlicheka kuliko mlivyocheka mstari. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikawaonyesha mchoro wa penseli, nikaapa kwa mama yangu mzazi, na kila nilivyoapa ndivyo mlivyoshika mbavu. "Mtani kweli huyu!" mkasema. "Hata msibani hamwachii mwenzake!" Sheikh mwenyewe akaweka kiganja mdomoni. Kisha akanigusa mkono, akaniambia kwa upole, "Haya mtani, umelipwa. Turuhusu."

Nikampa Zena behewa anishikie. Nikasogea kwenye jeneza, nikaingiza bega langu chini. Lilikuwa jepesi. Kijana mmoja wa Kizaramo mbele yangu akasema, "Twende, mpagazi," nami nikaanza kutembea.

Baadaye nilimwuliza Zena. Akaniambia, "Baba alikuwa analiweka dirishani kila asubuhi, akikusikia unakuja analifunika khanga. Anafungua kopo, anakoroga, analitazama. Halafu anafunga kopo. Nikamwuliza, baba, mbona hupaki? Akasema, mwache mpagazi ahangaike." Hilo tu. Kama mikono yake ilikuwa imechoka, au kama jicho lake halikuona pa kuweka brashi, hakumwambia bintiye wala mimi. Nimekumbuka kopo la puti ambalo kwangu alikuwa halifungui. Nalikumbuka kila siku na bado roho inaniuma, maana hata rangi ambayo hakuipaka amesifiwa nayo.

Behewa liko hapa Kiloleni juu ya kabati langu. Wageni wanaingia, wanasimama mbele yake, na mnajua wanachosema. Siku ile niliwaambia mkacheka. Sasa nawaambia tena, nimekaa mezani na miwani yangu, sikuvaa ovaroli ya mtu, sina brashi: Salum hakupaka. Ile ni mbao, na mbao ni yangu. Aliyejua hivyo zaidi yangu alikuwa mmoja, na huyo nilimbeba mwenyewe begani mpaka makaburini.

Haya, chekeni.